Mstari wa Saba

Jumamosi, Kayole, chumba cha nyuma ya kinyozi.
Kompyuta kumi na moja. Moja haina herufi E;
pale ilipokuwa tunadungua kwa kijiti cha kiberiti.
Syombua, miaka kumi na mitatu, anamwagiza kobe achore nyumba:
mbele mia, kulia tisini, mbele mia,
mistari kumi na miwili, ulimi nje kwa bidii.
Akabonyeza. Kobe hakuinua hata mguu.
Skrini ikawaka wekundu, Kiingereza kikavu
kama barua ya karani wa mahakama.
Nikamtafsiria: "Inasema kuna kosa."
Akanigeukia.
"Nimekosa nini?"

Nilinyamaza. Maana lugha yetu
humwambia aliyevunja kufuli ya jirani, umekosa,
na mtoto aliyelala bila kutia kitu kinywani
humwambia vilevile, umekosa.
Mashine ilikusudia lipi?
Alichokosa Syombua ni nusu ya mabano,
kile kipande cha mwezi cha kufungia.

Siku tano za wiki nalipwa Upper Hill
kulinda milango ya pesa za watu.
Kobe hana mlango. Waliomwandika siwajui;
walimwachia gamba wazi, anayetaka afungue,
atengeneze, arudishe.
Mtu alikwisha kuyatia maagizo Kiswahili,
makosa hakuna aliyeyagusa.
Nikashuka hadi mstari wa elfu mbili na kitu,
ukali wote ulikokaa. Juu yake mtu aliandika
miaka tisa iliyopita: *hapa pabaya, nitarudi kesho.*
Hakurudi.
Nikawa mimi kesho yake.

Nikaandika: *Umekosea mstari wa saba.*
Nikaongeza kitufe cha kupunguza mwendo,
kwani Lokwang hulalamika kobe amefika
kabla jicho halijaondoka.
Nikatuma, nikajisifu kidogo, nikalala.

Jibu lilikuja baada ya wiki tatu
kutoka kwa mtunzaji wa kobe, huko ambako
jua, alisema, hawajaliona tangu mwezi uliopita.
Kitufe alikipenda. Kuhusu maneno aliuliza tu:
*Mimi lugha yenu siisomi.
Wanaoisoma umewaonyesha?*

Sikuwa nimewaonyesha.

"Umekosea tena?" Syombua akasema. "Mbona inanishtaki?"
Akageuza risiti ya tokeni ya stima, akaandika kwa nyuma:
*Mstari wa saba bado haujafungwa.*
Lokwang akalipigia mstari neno *bado*.
"Hili ndilo," akasema. "Bado si vibaya. Bado ni bado."
Halakhe, ambaye huongea mara moja kwa mwezi,
alikuwa amejikunja ndani ya sweta ya kakake,
ilikuwa Julai, mabati yanatoa jasho la baridi.
"Andikeni hivi," akasema:
*Umeacha mlango wazi mstari wa saba.
Kobe anasikia baridi.*

Kicheko kilivuka ukuta, kinyozi akazima mashine
akauliza kuna nini.
Mimi, mtu wa shahada, nilitaka kupinga.
Nikafikiria yule karani wa mahakama,
nikaandika kama nilivyoamriwa.

Sasa majina yao yamo kwenye orodha ya waliomtengeneza kobe,
baina ya watu wenye majina ya konsonanti tupu.
Mamake Syombua alikuja kuliona lake,
kikapu cha sukuma begani, akaliangalia sana.
"Wanalipa ngapi?"
"Hawalipi, mama."
"Na hilo jina, litakaa hapo siku ngapi?"
Nikasema, mpaka mtu aje na neno bora.
Akatikisa kichwa, sijui kwa kukubali au kutuhurumia,
akatuachia fungu moja la sukuma mezani.

Mahali fulani leo mtoto nisiyemjua
amesahau kipande cha mwezi, na hakuna aliyemshtaki.
Anainuka, nadhani, anafunga mlango.
Sisi herufi E bado hatujapata.
Hata *kobe* tunamwandika kwa kijiti cha kiberiti.